Futi 360 za nini? Tusichanganye ‘eneo’ na ‘mzingo’

MAJUZI jirani yangu alinijia na karatasi ya mapatano ya kununua ploti. “Mwalimu, hebu niangalizie hii kabla sijatoa pesa,” akaniambia. Karatasi ilisema hivi: “Eneo la ploti ni futi 360.”

Nilishtuka. Futi 360 za nini? Nilipoutazama mchoro, niling’amua kwamba muuzaji alikuwa amejumlisha urefu wa pande zote. Hilo si eneo, ni mzingo.

“Si ni kitu kimoja tu?” jirani akauliza.

La hasha! Ploti yenyewe ina umbo la herufi L. Ingekuwa mstatili kamili wa futi 100 kwa 80, lakini kona moja ya futi 40 kwa 30 imemegwa. Ajabu ni kwamba ukizungushia seng’enge mstatili kamili, utahitaji futi 360. Ukiizungushia L hiyo, utahitaji futi 360 vilevile, maadamu pande mbili za ndani ya pengo zinalingana na zile zilizomegwa. Ua haupungui. Ardhi ndiyo inayopungua.

Imepungua kiasi gani? Kata umbo hilo vipande viwili. Mstatili wa futi 100 kwa 50 una eneo la futi mraba 5,000. Uliosalia, wa futi 60 kwa 30, una futi mraba 1,800. Jumla ni 6,800. Ukitaka kuhakikisha, chukua 8,000 za mstatili kamili, utoe 1,200 za kona iliyomegwa. Jibu ni lile lile. Aliyedhani ananunua 8,000 angelipia hewa.

Umbo la aina hii tuliiteje? Nimesikia baadhi ya walimu wakisema ‘umbo changamano’. Siafikiani nao. Sarufi yetu imekwisha kutupa mwongozo. Katika sentensi changamano, kishazi kimoja hutegemea kingine. Katika sentensi ambatano, kila kishazi kinaweza kujisimamia. Vipande vya L yetu navyo vinajisimamia, kila kimoja mstatili kamili, ndipo vikaunganishwa. Basi napendekeza ‘umbo ambatano’.

Kosa la pili ni la sisi tunaoandika magazetini. Aghalabu tunaandika ‘mita 10 mraba’ tukikusudia ‘mita mraba 10’. Msomaji makini ana haki ya kuielewa ile ya kwanza kuwa ni mraba ambao kila upande wake ni mita 10, yaani mita mraba 100. Mpangilio wa maneno tu umezidisha ardhi mara kumi!

La tatu ni akisami. Tulizikariri shuleni kwa ajili ya mtihani: nusu, thuluthi, robo, khumusi, hadi ushuri. Tulipofika sokoni tukazisahau. Ploti ya hamsini kwa mia hunadiwa kuwa ni thumuni ya ekari. Ekari ina futi mraba 43,560, kwa hivyo thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Futi mraba 445 zimeenda wapi?

Wapo watakaosema hisabati si kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Watanzania wamewafundisha watoto wa shule za msingi za umma hisabati kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na maneno kama kipenyo, kitako na kimo si mageni kwao. Sisi tunahesabu darasani kwa Kiingereza, kisha tunanunua mashamba kwa Kiswahili cha kubahatisha. Hapo katikati ndipo mtu hupunjwa.

Jirani yangu alirudi kwa muuzaji na sentensi moja tu: “Andika eneo kwa futi mraba.” Bei ikaanza kujadiliwa upya.