Jiro Taniguchi na Anga ya Nukta

Ukurasa wa manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, huanza kwa rasimu nyepesi ya penseli. Visanduku vimegawanywa, vichwa vya watu ni miduara mitupu, maneno yameandikwa kwa haraka. Hatua hii ndiyo inayopanga mwendo wa jicho la msomaji. Manga nyingi hulikimbiza jicho hilo. Jiro Taniguchi alilituliza. Katika Aruku Hito, kitabu cha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu mwanamume anayetembea tu mtaani kwake, mtu akisimama chini ya mti hupewa kisanduku cha kusimama, kingine cha kuinua uso, na kingine cha matawi peke yake, bila neno.

Taniguchi alizaliwa Tottori mwaka 1947, kando ya Bahari ya Japani. Alijifunza kazi akiwa msaidizi wa mchoraji Kyuta Ishikawa, kisha kwa miaka mingi akachora wapelelezi, mabondia na wanyama wa porini. Huko ndiko mkono wake ulikokomaa.

Rasimu ikikubalika, huja penseli safi, halafu wino. Nibu huchovywa, hukung'utwa kidogo, kisha huvutwa. Ukiikandamiza mstari unanenepa, ukiilegeza unakonda. Nyuso za Taniguchi zina mistari michache isiyotetereka. Mandhari ndiyo iliyopewa jasho: kila kigae cha paa, kila waya wa umeme, kila jiwe la ukuta vina mahali pake. Wasaidizi wake walishiriki kazi hiyo, kama ilivyo desturi ya studio za Japani.

Kisha huja toni, na hapa ndipo ninapopenda kukawia. Toni ni karatasi angavu yenye gundi upande mmoja, iliyochapwa nukta ndogo nyeusi. Mchoraji huibandika juu ya picha, huikata kwa kisu chembamba kwa kufuata ukingo wa umbo bila kuumiza karatasi ya chini, huondoa ziada, kisha huisugua ishike. Akitaka kivuli kizito, huweka tabaka la pili, na nukta zikipishana vibaya huzuka mawimbi yanayochafua picha nzima. Akitaka wingu, huukwangua uso wa toni kwa ncha ya kisu mpaka nukta zififie na weupe wa karatasi uchomoze. Anga ya mchana katika vitabu vya Taniguchi imepatikana hivyo, mkwaruzo baada ya mkwaruzo. Vigae vya Kurayoshi, mji anaouchora katika kitabu chake kimoja, ni vyekundu. Yeye alikuwa na wino mweusi, karatasi nyeupe na nukta, na bado joto la paa hizo linaonekana.

Kurayoshi ndiko anakorudi Hiroshi Nakahara katika Harukana Machi e, kitabu cha mwaka 1998. Ni mtu mzima wa miaka 48 anayejikuta tena na umri wa miaka 14, akijua kwamba baba yake, fundi cherehani, yu karibu kuiacha familia. Katika Chichi no Koyomi, cha miaka michache kabla, mwanamume anarudi Tottori kwenye msiba wa baba yake kinyozi, ambaye mwana huyo alimkwepa kwa miaka mingi. Usiku wa mkesha, ndugu wanamsimulia moto mkubwa wa mwaka 1952 ulioteketeza mji, deni la kujenga upya, na ndoa iliyochakaa chini ya deni hilo. Taniguchi hamhukumu yeyote. Anauchora mkono wa baba ukishika mkasi kwa uangalifu uleule alioupa ukuta wa mawe, na msomaji anaelewa kwamba mtu huyu alipenda kwa kufanya kazi.

Tamasha la Angoulême, Ufaransa, lilimtuza mwaka 2003 kwa masimulizi ya Harukana Machi e, na mwaka 2005 kwa uchoraji wa Kamigami no Itadaki, hadithi ya wapanda milima iliyotokana na riwaya ya Baku Yumemakura. Mimi sioni namna ya kuzitenganisha tuzo hizo. Theluji ya Everest katika kitabu hicho cha pili ni karatasi iliyoachwa tupu, imezungukwa na mamia ya mistari ya miamba, na hofu ya mpandaji unaisoma katika upana wa weupe huo kabla hajasema lolote.