Giza na Nyota katika “Nightfall” ya Isaac Asimov

Hadithi fupi ya Isaac Asimov iitwayo “Nightfall”, iliyochapishwa Marekani mwezi wa Septemba 1941 katika jarida la Astounding Science Fiction, kwa kawaida husomwa kuwa ni hadithi ya hofu ya giza. Usomaji huo haukamiliki. Sayari ya Lagash ina majua sita, na giza huifikia mara moja tu kila miaka 2,049, jua lililobaki peke yake linapopatwa. Wanafalaki wake walikwisha kulitambua jambo hilo mapema, hata wakatengeneza mienge. Walichokosa si taa, bali maana ya neno “nyota”.

Neno lenyewe wanalo. Limo katika kitabu cha dini, na waumini hulitamka kwa kicho; lakini hapana mtu aliye hai aliyepata kukiona kitajwacho. Beenay, mmoja wa wanafalaki hao, hukisia kwamba labda mbali sana yako majua mengine kumi na mawili, au maradufu yake. Yeye na mwenzake walikwisha kulifunika jumba kwa mahameli nyeusi na kutoboa paa matundu madogo ili wajizoeze. Hawakudhurika kitu.

Hapa ndipo uhodari wa mtungaji ulipo. Giza lake ni la chumbani: pazia hufungwa, kuta hudhaniwa kusogea, pumzi hubana. Kina cha mbingu hakiletwi na giza hilo. Huletwa na nuru, nyota zitokeapo.

Mfasiri wa Kiswahili ajihadhari na “Machweo”, maana machweo ni ya kila siku, na msemaji wa Kiswahili huanza hesabu ya saa za usiku jua likuchwapo. Afadhali “Kuingia kwa Giza”: usiku huingia, na adui pia huingia.

Doa liko karibu na mwisho, katika aya ilinganishayo nyota 3,600 zionekanazo kutoka Dunia na majua 30,000 ya mbingu ya Lagash. Asimov alieleza baadaye kwamba aya hiyo ilitiwa na mhariri wake, John W. Campbell. Yaonekana wazi. Pale pale neno linapopata maana yake kwa mara ya kwanza, msomaji huondolewa Lagash akarudishwa chini ya mbingu aliyoizoea, akapewa hesabu badala ya mshangao. Ikirukwa, hadithi haipungukiwi na kitu.