Mtoto Nyuma ya Mlango

Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hatuachi kuitaja kila mume na mke wanapopigana mbele ya watoto wao, nayo ina kasoro: nyasi hazisikii. Mtoto husikia, hupima, na hutafuta sababu.

Nimezisoma pamoja riwaya mbili za nyumba zisizofanana. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, anatuingiza katika nyumba ya Kiislamu ambamo Bwana Maksuudi anampiga mkewe Tamima na kumpa talaka. Katika Purple Hibiscus (2003), Chimamanda Ngozi Adichie anatupeleka Enugu, Nigeria, kwa Eugene, tajiri Mkatoliki ambaye gazeti lake linatetea uhuru ilhali damu ya mkewe inafutwa na watoto ngazini. Waume wote wawili ni waheshimiwa huko nje.

Maimuna, binti wa Maksuudi, twamwona akiwekwa ndani, kisha akitoroka. Namna alivyouelewa ukatili wa baba aghalabu tunaikisia kutokana na kitendo chake. Kambili, binti wa Eugene, mwenye miaka 15, anasimulia mwenyewe. Anaposikia vishindo chumbani kwa wazazi, anajilazimisha kuamini kwamba mlango umekwama na baba anajaribu kuufungua. Mama anapopoteza mimba kwa kipigo, watoto wanasalishwa novena ili mama huyo asamehewe, kana kwamba aliyepigwa ndiye aliyekosa!

Je, Kambili hajui? Anajua. Kisa cha mlango uliokwama ni kazi ya akili inayompenda baba na kumwogopa kwa wakati mmoja. Kaka yake Jaja, aliyelelewa chini ya paa lilo hilo, anaelewa vingine: anajilaumu kwa kutomlinda mama, hata mama anapomuua mumewe kwa sumu, kijana anakiri kosa lisilo lake na kufungwa. Basi wasemao kwamba dini au kabila ndilo humfundisha mtoto namna ya kuyapokea mambo haya, watueleze tofauti ya ndugu hawa wawili.

Sisemi Utengano ni riwaya dhaifu. Hasira yake kwa Maksuudi ni ya haki. Lakini hasira hiyo ni ya msimulizi, mtu mzima ajuaye yote, na mara nyingi inakaa mahali pa binti. Usiku ule wa talaka ningependa kusimuliwa na Maimuna mwenyewe.