Mashine ya Sauti Iliyotumika: Ipime kwa Rast

Mashine ya kurekebisha sauti, ile ya kukanyaga kwa mguu inayoinyoosha nota ya mwimbaji na kumuongezea sauti za pili na tatu, wanunuzi wengi huikagua kwa macho: imewaka, haina mikwaruzo, basi. Kwa mwimbaji wa Ibra, Sur au Nizwa, huko Omani, anayeimba taarabu ya Kiunguja harusini leo na nyimbo za Kiarabu kesho, ukaguzi huo hautoshi. Swali la kwanza liwe hili: je, mashine inaweza kuiacha sauti kama ilivyo? Tangu Andy Hildebrand alipotoa programu ya Auto-Tune mwaka 1997, ufundi huu umezoea oktava iliyogawanywa hatua 12 zilizo sawa. Sauti ikiangukia baina ya hatua mbili huhesabiwa kosa, ikavutwa kwenye ile ya karibu. Sasa chukua Rast, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za Kiarabu, ambayo taarabu iliichota Misri na ambayo sikio la Omani linaijua vilevile. Ukianzia do, nota yake ya tatu haiko kwenye mi wala kwenye mi iliyoshushwa. Iko katikati, na utamu wote wa Rast umekaa hapo. Mwimbaji akiipata barabara, mashine humhukumu kuwa kakosea: mara humpandisha, mara humshusha, na nota iliyokuwa imetulia ikaanza kurukaruka.

Kwa hiyo nenda dukani na maikrofoni yako na hedifoni zako. Zima marekebisho yote kwanza, usikilize sauti tupu; mvumo ukisikika hapo, utasikika ukumbini mara kumi. Kisha yafungulie mpaka mwisho, panda Rast polepole na uishikilie nota ya tatu. Itaruka, na hiyo si ajabu. Punguza mpaka robo, urudie. Ikiwa bado inaruka, rudisha mashine. Sauti za ziada zisikupandishie bei: waitikiaji wa taarabu huitika kwa sauti moja, na mashine nyingi hutafuta njia kwa kusikiliza kodi za gitaa, kitu ambacho udi haupigi.

Yuko atakayesema kwamba maqam nyingine, kama Nahawand na Ajam, hazina nota hizo za katikati. Ni kweli, na anayeimba hizo tu ataipata faida kamili ya mashine. Lakini ni nadra usiku mzima wa harusi upite bila Rast wala Bayati. Mwingine atasema programu za kompyuta zina ngazi za Kiarabu. Zinazo, ila pedali za jukwaani aghalabu hazina. Na vijana wanaopenda sauti ya kung'aa, mtindo uliovuma tangu wimbo wa Cher wa 1998, wana haki yao. Ndiyo maana kitufe cha kuwasha na kuzima kikanyagwe mara ishirini kabla ya kulipa.

Hewa ya chumvi ya Sur hula matundu ya waya: chomeka, tikisa, sikiliza mkwaruzo. Umeme wa Omani ni volti 240. Adapta iliyoandikwa 120 peke yake itaungua, basi bei yake itolewe. Iliyochubuka rangi lakini ikiiacha Rast ipite salama, inunue.