Kuboeka si Kuvunjika Moyo: Kitenzi cha Mkopo na Usomaji wa Rapu ya Arusha

Katika vijiwe vya Arusha, kuanzia Ngarenaro na Kijenge hadi Tengeru chini ya Mlima Meru, kijana aliyeahidiwa kibarua kisha asiitwe hasemi kwamba amevunjika moyo. Husema ameboeka, au humtaja aliyemwahidi: "jamaa kaniboa". Kitenzi hiki kimetoka katika Kiingereza, ambako asili yake humaanisha kuchosha kwa kukosa mvuto. Mwalimu wa insha hukifuta kwa wino mwekundu na kukiita uvivu wa lugha. Mhakiki hukifasiri kwa haraka kuwa "kuchoka" au "kuvunjika moyo". Tahakiki hii inadai kwamba wote wawili wanakosea, na kwamba kosa la mhakiki ndilo linaloudhuru zaidi usomaji wa fasihi ya vijana.

Umbo lenyewe linakanusha dai la uvivu. Kitenzi -boa kilipokewa kwa sikio, kutoka katika matamshi ya Kiingereza yasiyotamka r ya mwisho, kikaingia katika kundi la -toa, -zoa na -okoa. Kauli yake ya kutendeka inatii upatanifu wa irabu: ni -boeka, si -boika. Hata hivyo, ugeni wake haujafichika. Vitenzi vya asili vya kundi hili hurejesha l vinaponyambuliwa: -toa huzaa -tolewa, -okoa huzaa -okolewa. Kitenzi -boa hakina l ya kurejesha, ndiyo maana -boleka haisikiki. Lipo pia umbo -boreka, ambalo huenda limeathiriwa na tahajia ya Kiingereza, nalo linagongana na -boreka inayotokana na "bora". Kwa hiyo kauli "wananchi wameboreka" yaweza kuwa sifa ya mtawala au malalamiko ya mtawaliwa. Mtunzi wa rapu, ambaye kazi yake ni kucheza na sauti, ana hazina tayari hapo.

Katika maana, pengo ambalo kitenzi hiki kimeliziba ni halisi. Kuvunjika moyo ni kupoteza nguvu ya kuendelea. Kukata tamaa ni kulimaliza tumaini lenyewe. Kusikitika hakulazimu kuwapo kwa tarajio lolote la awali. Kuboeka, katika matumizi yanayojadiliwa hapa, kunadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba palikuwa na tarajio, na kwamba aliyelikosa bado yupo kijiweni, akisubiri kesho. Anayesema "mechi imeniboa" atakwenda uwanjani tena.

Tofauti hii hudhihirika zaidi -boa ikilinganishwa na -zingua. Katika Kiswahili sanifu, kuzingua ni kuondoa kilichozungushwa, au kumwondolea mtu uchawi. Mtaani, aliyezingua ni aliyeharibu mpango au kuvunja miadi. Vijana, basi, hawakukopa kwa kushindwa kuunda. Wanazitumia mbinu zote mbili, ya kukopa na ya kupanua maana ya neno la nyumbani. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika uchunguzi wao wa lugha ya mitaani Tanzania uliochapishwa mwaka 2006, waliichukulia lugha hiyo kuwa na ushairi na sosholojia yake. Msimamo huo unafaa kupelekwa hadi katika neno mojamoja: -zingua humshitaki mtenda, -boeka huieleza hali ya mtendwa. Mhakiki akiyasawazisha, hupoteza mpaka kati ya lawama na hali.

Riwaya ya Kiswahili inayo historia ndefu ya tumaini lililovunjika. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Euphrase Kezilahabi alimwita mhusika wake mkuu Tumaini, na akamfikisha kwenye kitanzi. Hapo msamiati wa kukata tamaa unafaa, kwa kuwa mlango umefungwa. Rapu ya Arusha haiwezi kusomwa kwa mizani hiyo bila kuangaliwa upya. X Plastaz, walipotoa *Maasai Hip Hop* mwaka 2004, waliunganisha uimbaji wa Kimaasai na rapu, na ni rahisi kwa mhakiki kuusikia uimbaji huo tu, au kuisikia hasira tu. Kati ya fahari na hasira kuna eneo la makosekano madogo ya kila siku, na eneo hilo lina msamiati wake.

Upo mtego wa upande wa pili. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, mwaka uleule BAKITA ilipoundwa kwa sheria. Inavutia kudai kwamba mji uliolipa jina azimio la matumaini ndio uliozaa neno la kuyakosa. Dai hilo halina msingi: -boa husikika Dar es Salaam na Nairobi pia. Arusha ni mahali pa kulichunguza neno, si chimbuko lake.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo, lakini kina uzito. Kamusi ikiliacha neno hili nje, au ikiliingiza kwa fasili ya "kuchosha" pekee, mwanafunzi ataandika katika insha yake kwamba amekata tamaa, ilhali hajakata. Msomaji wake atampa pole ya msiba, na ahadi aliyonyimwa haitaulizwa.