Mwaka wa Rudi van Vuuren

Waliowahi kuchezea nchi zao raga na kriketi wapo kadhaa. Rudi van Vuuren wa Namibia ana lake peke yake: mwaka 2003 alicheza Kombe la Dunia la kriketi, kisha la raga, ndani ya mwaka uleule. Tena kazi yake ilikuwa udaktari.

Rekodi hiyo ni tamu kuisimulia, ila ninachomvulia kofia ni urushaji wake. Tarehe 19 Februari, mjini Port Elizabeth, aliangusha wiketi 5 za Uingereza kwa mikimbio 43. Alirusha kwa mkono wa kulia, kwa kasi ya wastani, na kasi hiyo haimtishi mpigaji aliyekomaa. Mrushaji wa aina hii hutegemea usahihi. Mpira wa kriketi una mshono ulioinuka unaouzunguka. Vidole viwili vikae juu ya mshono, kiganja kibaki nyuma yake mpaka mpira unapoachiwa, nao utasafiri mshono ukiwa wima. Ukiangukia mshono huo, unaweza kuchepuka kidogo, kulia au kushoto, na hata aliyeurusha hajui utashika upande upi. Yake ni kuurudisha palepale, mmoja baada ya mwingine, hadi mpigaji akose subira na kuufuata mpira aliopaswa kuuacha. Namibia walishindwa siku ile kwa mikimbio 55, lakini waliwatoa jasho Waingereza.

Siku nane baadaye, Potchefstroom, alikabidhiwa ova ya mwisho (mirusho sita) dhidi ya Australia, na Darren Lehmann akamchapa mikimbio 28. Kasi ya wastani ndivyo ilivyo: ukikosea kidogo tu pa kuuangusha, unaadhibiwa.

Kwenye raga alikuwa namba 10, na huko subira ya mrushaji haina nafasi. Mpira unamfikia huku mabeki wa upinzani wakimjia mbio. Apige teke, apasie au aingie mwenyewe, na aamue kabla hajaudaka. Kisha zamu ya ulinzi inakuja, naye anamkaba mtu mzito zaidi yake kwa bega lilelile linalourusha mpira wa kriketi. Kwangu hapo ndipo ugumu wa mwaka ule ulipokuwa: mchezo mmoja unataka bega laini lisilo na kovu, mwingine unalisaga.

Oktoba, kwenye Kombe la Dunia la raga, mjini Launceston, aliingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Romania. Namibia walifungwa 37–7. Wapo watakaosema dakika hizo ni chache mno kuitwa Kombe la Dunia. Sikubaliani nao. Alikuwa na miaka 31, bega lake limetoka kurusha ova dhidi ya Uingereza na Australia katika mwaka huohuo, na bado alikuwa tayari kuliingiza kwenye ukabaji.