Mwindo na Tamaa ya Nyama

Kila mwaka mvua ikipunguka, mwezi wa saba, watu wa pori la Walikale wanageukia kazi mbili: kufyeka shamba na kutengeneza vyombo vya kuwinda. Nyavu zilizopasuka zinashonwa, mikuki inanolewa, mbwa anafungwa kengele ya mti shingoni ili asikike ndani ya majani. Matayarisho hayo tunayajua. Lakini kuko tayarisho moja ambalo Wanyanga waliliweka ndani ya hadisi yao kubwa ya Mwindo, na sisi walimu tunaliacha.

Hadisi hiyo mzee Rureke aliisimulia mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliiandika, ikatoka kitabu mwaka 1969. Darasani tunaifundisha namna gani? Shemwindo anamkataa mtoto wake, anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anashinda, anarudi, baba na mwana wanapatana. Kengele inalia, somo limeisha. Mimi pia nilifundisha vile miaka mingi.

Kumbe Rureke hakuishia pale. Mwindo, akiisha kuwa mwami, anashikwa na tamaa ya nyama ya nguruwe wa pori. Anatuma Wambuti wake kuwinda. Nguruwe anauawa, lakini wanakutana na Kirimu, jitu la pori, linawameza watatu. Mmoja anakimbia kuleta habari. Mwindo anakwenda, analiua. Watu wanashangilia, wanapasua, wanachoma. Harufu inamfikia Nkuba, ndiye Radi, na Kirimu alikuwa rafiki yake. Nkuba anamchukua shujaa juu mbinguni mwaka mzima, katika baridi, mvua na jua kali. Anarudi na amri: asiue tena nyama yeyote wa pori, hata mdudu.

Kwa maoni yangu, ufundi wa msimulizi uko hapo. Anatupa ushindi tuliozoea kushangilia, kisha anatuonyesha kwamba ulikuwa kosa. Balaa haikuanza na Kirimu. Ilianza na tamaa ya mkubwa aliyekaa nyumbani. Vyombo vyote vilikuwa tayari. Swali moja tu halikuulizwa: huyu tunayemuua ni rafiki wa nani?

Wengine watasema: Wanyanga ni wawindaji, basi amri ile ni maneno matupu. Sikubali. Amri ilipewa mwami. Mwenye nguvu kupita wote ndiye anayefungwa kamba ya kwanza.

Lawama ninayo moja. Wambuti ndio walioingia tumboni mwa Kirimu ju ya tamaa ya mwingine. Walitoka wazima, ni kweli, lakini adhabu ya Nkuba inahusu rafiki yake, haiwahusu wao. Mwalimu asiogope kuwauliza wanafunzi neno hilo.

Maana leo mambo ni yaleyale. Mitego ya waya inakaa porini mwaka mzima, nyama wanakwenda soko la mji kwa mizigo, na anayekula hamjui aliyetega. Kijana aliyefundishwa nusu ya Mwindo anajua paka shujaa anayeua.

Basi, ndugu walimu, tuongeze saa moja. Mwindo aliporudi kutoka mbinguni aliwapa watu wake sheria, na kati yake iko hii: mlime vyakula vingi, vya namna mingi. Yule aliyeanza na tamaa ya nyama alimaliza kwa kuwatuma watu shambani.